Ukitaka Kilele, Jifunze Kwanza Kulala Mlimani

Msomaji, waombe watu waliokwea Mlima Kenya wakusimulie safari yao, na wengi watakuanzia kileleni. Watakuonyesha picha wamesimama kando ya bango la Lenana, midomo imepasuka kwa baridi na mikono imeinuliwa juu. Ni wachache watakaokuambia walilala wapi. Hata hivyo, kileleni mtu hukaa nusu saa tu, kisha baridi humfukuza. Mlimani atakuwa amelala siku nne au tano. Tena ni usiku, wala si mchana, unaoamua ni nani atafika juu na ni nani atarudishwa akiwa ameshikwa mikono.

Nayasema haya kwa kuwa nilijifunza kwa gharama. Mara ya kwanza nilipomchukua mpwa wangu, binti wa dada yangu aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia chuo kikuu, nilipanga safari kama mtu anayepanga kwenda Mombasa na kurudi. Nilihesabu kilomita, nikahesabu pesa, nikapunguza siku moja ili nisitoboke mfuko. Sikuhesabu usiku. Yaliyotupata nitakueleza mbele kidogo. Kwanza nikupeleke kituo kwa kituo, ili siku utakapofunga mzigo wako ujue utalaza wapi ubavu na kwa nini.

Njia nitakayokupitisha ni ile ya kupandia lango la Sirimon, upande wa Nanyuki, na kuteremkia Chogoria, upande wa mashariki. Zipo njia nyingine. Ile ya Naro Moru ni fupi na hupendwa na wenye haraka. Lakini Sirimon hupanda taratibu na upande wake hauna mvua nyingi, nayo Chogoria ina mandhari ambayo wengi huiona kuwa bora kuliko zote mlimani humo. Ukiunganisha hizo mbili, hutapita mahali pamoja mara mbili.

LANGONI, MITA 2,650

Kutoka Nairobi hadi Nanyuki ni mwendo wa kilomita 200 hivi, na matatu hazikosekani. Kabla ya kuingia mjini utavuka mstari wa Ikweta. Ukitoka Nanyuki ukishika barabara ya kwenda Meru, baada ya kilomita 15 hivi utakata kulia, kisha uanze kupanda hadi lango la Sirimon, mita 2,650 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi. Kwa hiyo hata kabla hujatia mguu njiani, tayari umepanda karibu kilomita nzima kwenda juu ukiwa umekaa kwenye kiti.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa mara ya kwanza. Hushuka garini saa sita mchana, wakalipa ada, wakatwika mzigo na kuanza safari papo hapo. Ukiwa na nafasi, lala hapa langoni usiku mmoja. Pana uwanja wa kupiga hema, na msitu ni wa kupendeza. Jioni utawasikia mbega wakinguruma juu ya miti, na asubuhi utawaona wakiruka, manyoya yao meupe yakining'inia kama mashuka yaliyoanikwa. Mwili nao utakuwa umepata saa kumi na mbili za kujua kwamba umehama.

Ada hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kwa njia ya kielektroniki wala si kwa noti mkononi. Ulizia viwango kabla ya kutoka nyumbani, kwa maana hubadilika. Usijaribu kuingia peke yako. Tafuta mwongozaji anayetambuliwa, pamoja na wapagazi ikiwa mzigo ni mkubwa. Kuanzia tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu. Acha nyumbani zile chupa za maji za dukani na ubebe chupa ya kudumu.

OLD MOSES, MITA 3,300

Kutoka langoni hadi kituo cha Old Moses ni kilomita tisa za barabara pana inayopanda polepole. Mtembezi wa kawaida hutumia saa tatu au nne. Msitu huanza kupungua, miti inabaki vichaka vya mrihani-mwitu na majani marefu, na ghafla unajikuta kwenye uwanda ulio wazi, mawingu yakiwa chini ya miguu yako. Ukigeuka nyuma utaiona nyanda ya Laikipia imetandazwa kama mkeka.

Pana mabanda yenye vitanda vya kupandana, pana jiko, na pana nafasi ya mahema. Usitarajie hoteli. Godoro lipo, blanketi ni lako. Usiku wa kwanza hapa ndipo utakapogundua mambo mawili. La kwanza, usingizi wa mlimani ni wa kuvunjikavunjika. Unaamka, unavuta pumzi ndefu, unalala tena. Usiogope, hali hiyo huwapata wengi. La pili, utatoka nje kujisaidia mara kwa mara kuliko ilivyo desturi yako. Hilo pia ni jambo la kawaida mwili unapojizoeza, na halina ubaya mradi unaendelea kunywa maji. Basi weka tochi na viatu karibu na mto, usije ukapapasa gizani na kuwakanyaga wenzako.

Sasa nisikilize vizuri, maana hiki ndicho kiini cha habari yangu. Lala Old Moses siku mbili. Usiku wa kwanza umefika. Siku ya pili panda taratibu hadi mita 3,700 au zaidi kidogo, kaa huko, kula chakula chako cha mchana, kisha teremka urudi ulale palepale. Waongozaji wana msemo wao: panda juu, lala chini. Mwili hujifunza unapopanda, na hujijenga unapolala. Ukiunyima huo usiku wa pili, utaudai mwenyewe, tena mahali pabaya.

Kwa nini? Ukiwa kwenye mita 4,200, kila pumzi unayovuta ina oksijeni ya karibu asilimia 60 tu ya ile ungeipata ukiwa ufuoni Malindi. Hewa ni ileile, ila imetawanyika. Mwili una hila zake za kujikimu: hupumua kwa kasi, huusukuma moyo, na baada ya siku kadhaa huongeza chembechembe nyekundu za damu. Lakini hila hizo huhitaji muda. Ndiyo maana madaktari wa milimani hushauri kwamba, ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja kati ya pale ulipolala jana na pale utakapolala leo.

Piga hesabu basi. Kutoka Old Moses, mita 3,300, hadi kituo kinachofuata ambacho wengi hulala, mita 4,200, ni mita 900 kwa siku moja. Hiyo ni karibu mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa. Njia haikukosea, imekaa jinsi mlima ulivyokaa. Ni sisi tunaotakiwa kuikata vipande.

LIKI KASKAZINI, MITA 3,990

Kipande kimojawapo ni hiki. Kati ya Old Moses na kituo cha juu kuna mahali panapoitwa Liki Kaskazini, ambapo pana kibanda cha zamani na nafasi ya mahema kando ya kijito. Hapapendwi na wengi kwa sababu hapana starehe yoyote. Utapiga hema, utapika kwenye jiko la gesi, utalala. Lakini ukilala hapa usiku mmoja, ile ngazi ya mita 900 inakuwa ngazi mbili, na ile ya pili ni fupi kabisa.

Usiwashe moto wa kuni, hata baridi ikikutafuna namna gani. Majani ya huku juu ni makavu kama karatasi wakati wa kiangazi. Mnamo Machi 2012 moto mkubwa uliteketeza sehemu pana ya nyika za mlima huu, na mimea iliyoungua ni ya aina inayokua kwa miaka mingi sana.

Mimea yenyewe ni shule. Ukifika bonde hili utaona vitu ambavyo hujawahi kuviona kokote. Kuna lobelia kubwa zinazosimama kama nguzo, na kuna seneshio zinazofanana na watu waliovaa makoti mazito wakingoja basi. Huku hujulikana kwamba mchana ni kiangazi na usiku ni kipupwe, kila siku ya mwaka. Seneshio haiangushi majani yake yaliyokufa; huyaacha yameshikilia shina ili yawe blanketi. Lobelia moja huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku tabaka la juu huganda, nalo hilo tabaka la barafu huzuia baridi isifike kwenye chipukizi changa ndani. Mmea hauna miguu ya kushuka chini jua linapotua. Kwa hiyo umejifunza kulala.

SHIPTON, MITA 4,200

Kituo cha Shipton kiko kwenye kichwa cha bonde la Mackinder. Usichanganye na kambi inayoitwa Mackinder, ambayo iko upande mwingine, katika bonde la Teleki, kwenye njia ya Naro Moru. Wageni wengi huchanganya, na kila mwaka huwa kuna mtu anayewaambia jamaa zake wamngoje mahali asipopita.

Ukitoka Old Moses kwenda Shipton moja kwa moja ni kilomita 14 hivi, mwendo wa saa sita hadi nane. Unapoingia bondeni, vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, vinasimama mbele yako kama ukuta mweusi. Majina hayo, pamoja na Lenana, yanatokana na malaiboni wa Kimaasai. Mwingereza Halford Mackinder ndiye aliyeyatumia alipokuja mwaka 1899. Yeye na waongozaji wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, ndio wa kwanza kuandikwa kwamba walifika Batian, tarehe 13 Septemba mwaka huo. Nelion ilipandwa mwaka 1929 na Eric Shipton, ambaye kituo hiki kina jina lake, akiwa na Percy Wyn-Harris. Bila shaka mlima ulikuwa na wenyewe kabla ya hao. Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, na wazee waliomba wakiuelekea.

Hapa pana nyumba yenye vitanda na meza za kulia, na nje pana uwanja wa mahema. Wenyeji halisi ni pimbi, wanyama wadogo wenye manyoya, ambao hawana haya hata kidogo. Ukiacha mkate mezani ukageuka kumjibu mwenzako, utakuta kitambaa peke yake. Maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi badala ya 100, kwa hiyo usibebe githeri mbichi ukidhani utaichemsha ikaiva. Utamaliza gesi na mahindi yatakuwa bado yanalia menoni. Beba vilivyopikwa nusu, viazi vilivyokatwa vidogo, uji, mchuzi mwepesi, na chapati za nyumbani.

Na hapa ndipo tulipokomea safari ile ya kwanza.

Tuliingia Shipton saa tisa mchana. Tulikuwa tumelala Old Moses usiku mmoja tu, maana mjomba mtu alikuwa amekata siku moja. Mpwa wangu alitembea vizuri siku nzima, tena mbele yangu. Alipoketi hakutaka chai. Nikadhani ni uchovu. Ilipofika saa kumi na moja alikataa chapati, yeye ambaye nyumbani kwa dada yangu hufichiwa chapati. Nikamuuliza, "Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu, Mjomba. Niko sawa."

Kiongozi wetu, mzee wa Kimeru aliyekuwa amepanda mlima huo tangu ujana wake, hakusema neno. Alimwangalia kwa muda, kisha akatoka nje akachora mstari mavumbini kwa fimbo. Akamwita, "Mwanangu, hebu pita juu ya mstari huu. Kisigino kiguse ncha ya kiatu, hatua kwa hatua."

Msichana alicheka. Akapiga hatua mbili. Ya tatu ikamtupa kando. Akajaribu tena, akajikwaa kama mtu aliyekunywa. Alipoinua uso hakuwa anacheka tena. Kisha akatapika.

Mzee akanigeukia. "Tunashuka."

Nilimwambia tungoje asubuhi. Nilimwambia kuna baridi, ni usiku, njia ni ndefu, na labda akilala atapata nafuu. Nakuungamia, msomaji, kwamba pia niliwaza pesa nilizolipa na kilele tulichokuwa tumekikaribia hivyo. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Mkiwa hapa asubuhi, huenda hutakuwa na mtu wa kushuka naye. Kilele hakiendi popote."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nakaribia kuvunja guu la mtoto wa mwenzangu. Tulimfunga nguo zote tulizokuwa nazo, mzee akamshika mkono wa kulia, mpagazi akamshika wa kushoto, nami nikatangulia na tochi. Tuliondoka saa moja usiku. Saa ya kwanza alikuwa akiniuliza maswali yasiyo na kichwa wala miguu. Saa ya tatu akanyamaza, na ukimya ule ulinitisha kuliko maswali. Saa ya nne, tukiwa tumeteremka sana, aliniita. "Mjomba, nina njaa."

Sijawahi kusikia maneno matamu kuliko hayo. Tulifika Old Moses saa sita usiku. Alikunywa chai, akala chapati mbili, akalala hadi jua likawa juu. Hakuna dawa aliyopewa zaidi ya mita 900 za kushuka.

DALILI ZA KUZIJUA KWA MOYO

Kwa hiyo, kabla hujapanda, zishike dalili hizi kama unavyoshika namba ya simu ya nyumbani. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na kizunguzungu ni maonyo ya mwanzo. Ukizipata, usipande tena. Pumzika palepale, kunywa maji, na zisipopungua, shuka. Lakini mtu akianza kuyumba, akizungumza ovyo, akikohoa makohozi yenye povu au akihema hata akiwa ameketi, usingoje mapambazuko. Ubongo au mapafu yanajaa maji, na kila saa ina thamani yake. Shuka usiku huohuo.

Kuna dawa ambazo daktari anaweza kukuandikia kabla ya safari. Muulize, hasa ukiwa na maradhi ya moyo, mapafu au selimundu. Lakini dawa haimpi mtu ruhusa ya kukimbia. Tena usijidanganye kwamba ujana ni kinga. Vijana wenye nguvu huugua mara nyingi kwa sababu wana miguu ya kuwafikisha juu kabla mwili haujawa tayari. Na mtoto, au mwanafunzi aliyegharimiwa na mkubwa, atakuambia yuko sawa ili asikuharibie safari. Usimwulize kama yuko sawa. Mpe chapati umtazame.

KILELE NA USIKU WA MINTO

Tulirudi mwaka uliofuata, mimi, mpwa wangu na mzee yuleyule. Safari hii nilimwachia mpwa wangu kupanga. Alipanga usiku mmoja langoni, miwili Old Moses, mmoja Liki Kaskazini na mmoja Shipton. Nilipoona hesabu ya pesa nilimeza mate. Sikusema kitu.

Kutoka Shipton watu huamka saa nane usiku na kuanza kupanda saa tisa, ili jua likichomoza liwakute Lenana, mita 4,985. Changarawe huteleza, pumzi huwa fupi, na hatua kumi hufuatwa na kituo. Karibu na juu kabisa kuna nyaya na vipandio vya chuma vilivyogongomewa kwenye mwamba. Kisha unafika. Upande wa mashariki anga inakuwa nyekundu, na kivuli cha mlima kinaanguka upande wa magharibi kama hema kubwa. Hapa ndipo Kisoi Munyao alipoipandisha bendera ya Kenya taifa lilipopata uhuru Desemba 1963. Ukitazama chini utaiona barafu ya Lewis, ambayo siku za Mackinder ilijaza bonde lake. Sasa yamebaki mapande machache ya rangi ya kijivu, na wanasayansi wanakadiria kwamba barafu ya mlima huu huenda ikaisha karibu mwaka 2030. Ukiwa na mtoto, mpeleke aione. Wajukuu wake watahadithiwa.

Mpwa wangu alisimama kando ya bango. Mzee alipomwambia ainue mikono apigwe picha, alikataa. Alichora mstari kwenye changarawe kwa kiatu, akapita juu yake, kisigino kwa ncha, hatua kwa hatua, bila kuyumba. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Mpanda ngazi hushuka. Upande wa Chogoria ngazi hiyo hukupeleka hadi Minto, karibu mita 4,300, kwenye vidimbwi vinavyoitwa vya Hall. Pana kibanda kilichochakaa, kwa hiyo beba hema. Ni mahali pa baridi kali. Maji uliyoyaacha kwenye sufuria jioni utayavunja kwa kijiko asubuhi. Lakini hatua chache kutoka hemani unafika ukingo wa genge, na chini yake kabisa limelala ziwa Michaelson, jeusi na kimya, limezungukwa na kuta za mawe. Kaa hapo jua linapotua. Chozi wa mlimani, ndege wadogo wa kijani kinachometameta, watakuwa wanaruka kutoka lobelia moja hadi nyingine wakitafuta mlo wa mwisho. Tulikaa hapo hadi giza lilipoingia, na hakuna aliyetaja kilele.

CHOGORIA, MITA 3,000

Siku ya mwisho mlimani unateremka kandokando ya bonde refu, maporomoko ya maji yakiwa upande wako wa kulia, hadi kwenye nyika za miti midogo, kisha msitu. Kwenye mita 3,000 hivi, karibu na lango la Chogoria, kuna nyumba ndogondogo za kukodisha, zenye meko ndani na nyasi nje. Baada ya wiki ya mahema utaona kama umeingia ikulu. Hata hivyo, usitoke usiku bila tochi. Nyati huja kula nyasi hadi karibu na milango, na nyati hana mzaha.

Lala hapa usiku mmoja badala ya kukimbilia gari. Utasikia maji yakienda chini gizani. Mito ya upande huu huingia Tana, na Tana ndiyo inayoendesha mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Taa utakayowasha ukifika nyumbani Nairobi ina sehemu yake katika mvua inayonyesha juu ya mlima huu.

MZIGO WAKO

Nenda Januari na Februari, au Agosti na Septemba, wakati mvua ni chache. Huna haja ya duka ghali. Zunguka Gikomba au Toi, utapata jaketi zito, suruali ya sufu, glavu na viatu imara vya kufunika kifundo. Nunua viatu mapema, uvivae mtaani mwezi mzima, kwa maana kiatu kipya mlimani ni adui. Ongeza marvini, soksi jozi nne, koti la mvua, tochi ya kichwani na betri za akiba, mafuta ya kujipaka dhidi ya jua, miwani myeusi na fuko la kulalia la kuhimili baridi ya chini ya sifuri. Fuko hilo likiwa ghali, likodishe; vituo vya Nanyuki na Nairobi hukodisha. Usilibahatishe. Mtu anaweza kutembea na koti bovu, lakini hawezi kulala ndani ya fuko bovu.

Kila takataka uliyopanda nayo, shuka nayo. Maji ya kijitoni yachemshe. Na mwongozaji wako akisema mshuke, mshuke.

Mwisho, msomaji, ukikaa na aila yako kupanga safari, usianze kwa kuuliza, "Tutafika kileleni siku gani?" Anza kwa kuchukua karatasi, uandike usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kando ya kila usiku uandike mita. Ukiona namba imeruka zaidi ya 500, ongeza usiku mmoja. Utagharimu, ndiyo. Mimi niliuokoa usiku mmoja, na nusura niulipe kwa mtoto wa dada yangu.

Alipokuwa akishuka garini nyumbani kwao baada ya safari ya pili, mama yake alimuuliza kama alifika juu. Alijibu, "Tulifika, Mama. Lakini kwanza tulilala."